Mpaka wa Nyasi

Niliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya kibao cha njia, nikavua kofia ngumu, nikaanza kutafuta uzio ambao haukuwepo.

Ngano ilikuwa imenifika kiunoni, bado ya kijani, masuke yakianza kupauka. Shamba liliteremka taratibu hadi bondeni, likapanda tena upande wa pili, na kadiri macho yalivyofika hapakuwa na waya, ukuta wala mstari wa miti wa kulikata. Kilichokuwepo ni ukanda wa nyasi tu, upana wake hatua kumi hivi, umejipinda kati ya ngano na ngano kama njia ya maji.

Mzee mmoja alikuwa akipita na mbwa wake. Nikamsalimia, nikamwuliza shamba kubwa namna hii ni la nani. Akainua fimbo, akaanza kunihesabia: kipande hiki cha fulani, kinachofuata cha mwingine, kile cha mbele cha mwingine tena.

"Na mpaka uko wapi?" nikauliza.

Akaitazama miguu yangu.

"Umeukanyaga."

## Pesa zilizokuwa zinangoja

Ilikuwa Jumamosi ya Juni, alasiri, kijijini Laxton, Nottinghamshire, Uingereza. Sasa ni wiki ya saba. Nimetoka zamu za usiku za uuguzi nikiwa hoi kiasi cha kulala na viatu, lakini neno la yule mzee halijaniacha.

Wiki ile nilikuwa na shilingi 1,800,000 kwenye simu. Fundi wa Himo, kwetu Kilimanjaro, alishanipigia hesabu ya uzio wa nyumbani: nguzo za zege, roli za seng'enge, saruji, posho ya vibarua wawili. Ilibaki niweke namba ya siri tu.

Wenzangu wa Kilimanjaro hawahitaji maelezo marefu. Babu aligawa kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, mara mbili kabla hajafa, sehemu ya juu kwa baba, ya chini kwa baba mdogo, na katikati yakawepo masale, mimea tunayoipanda kuonyesha mpaka. Sikuwahi kusikia mtu akitamka "hapa ndipo mpaka". Tulijua. Tulipokimbizana utotoni tuliyaruka, na mtu mzima akituona anatukaripia kwa kuyavunja majani.

Baba alifariki 2019. Mwaka huu, mwezi wa tatu, mama akanipigia kwa sauti ya chini kama anayeongea kanisani. Masale saba yameng'olewa. Yamepandwa mengine hatua mbili ndani ya kwetu, na migomba yake minne sasa iko upande wa pili.

Hatua mbili.

Asiyetoka kwenye kihamba ataona ni jambo dogo. Lakini sale ndilo jani unalompelekea mtu uliyemkosea, na ukishalifikisha mkononi mwake ni vigumu sana akatae kukusamehe. Mtu akiling'oa usiku, kwangu mimi alikuwa ameng'oa na ile njia ya kurudiana.

Nilimpigia baba mdogo. Nikamwamkia, nikaongea kwa adabu yote niliyofunzwa. Akanijibu: "Wewe ni binti. Utaolewa huko huko. Mpaka wa hapa unakuhusu nini?"

Tangu hapo sikupokea simu yake. Alipiga siku ya Pasaka. Alipiga Mei mara tatu. Niliiangalia ikiita mpaka ikanyamaza.

Nikaanza kuulizia bei ya seng'enge.

## Ilipotoka baiskeli ya babu

Siku ile sikutoka nyumbani kutafuta jibu la lolote. Nilitaka siku moja isiyo na mgonjwa wala simu. Nilikuwa nimemaliza zamu nne za usiku mfululizo, nikalala Ijumaa kutwa, na Jumamosi nikaamka alfajiri nikiwa na miguu inayotaka kazi nyingine.

Baiskeli yangu ni Raleigh ya zamani, niliinunua kwa jirani aliyekuwa anahama. Niliichagua kwa jina. Babu alikuwa na Raleigh nyeusi ya chuma, na kwenye shingo yake beji yenye kichwa cha korongo na jina la Nottingham. Huo ndio mji wa kwanza wa Ulaya nilioujua, kabla hata ya London. Nilikuwa na miaka sita, nimepitisha mguu ndani ya fremu kwa sababu siti ilikuwa juu yangu, nanyonga nusu mzunguko mbele, nusu nyuma. Babu mwenyewe aliipanda kwa nadra. Miinuko ya kwetu unaijua. Aliipakia mkungu wa ndizi kwenye keria akaisukuma kama anayemsindikiza mgeni.

Kiwanda chenyewe hakipo tena. Raleigh ilianza miaka ya 1880 kwenye mtaa wa Nottingham wenye jina hilo hilo, Frank Bowden akaifanya kampuni, na ikakua hadi ikajaza eneo kubwa upande wa magharibi wa mji. Kuunda baiskeli hapa kulikoma 2002. Sehemu ya eneo lile leo ni kampasi ya chuo kikuu, yenye ziwa dogo na bata. Nilipita hapo kwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ingawa siyo njia yangu. Nilitaka kuanzia pale baiskeli ya babu ilipoanzia.

Kisha nikageuka mashariki, nikaufuata mto Trent.

## Mwendo wa kunusa

Watu wanaopita na magari ya kasi kwenye barabara kuu wanadhani mashamba ya Uingereza ni rangi moja ya kijani. Ukiwa juu ya baiskeli, kwa mwendo wa kilomita kumi na mbili kwa saa, unakuta kila shamba lina harufu yake. Harufu ya maharage yaliyochanua ilinifikia kabla sijayaona, tamu kama sabuni ya mtoto. Baadaye samadi. Baadaye majani yaliyokatwa jana, yamelala kwenye mistari yakingoja kukauka.

Gunthorpe, Caythorpe, Hoveringham, Bleasby. Vijiji vinapokezana, kila kimoja na mnara wa kanisa na benchi lenye jina la marehemu. Kandokando ya Trent ardhi ni tambarare, na kwa mtu aliyekulia mlimani tambarare ina raha yake: hakuna unachodaiwa. Unanyonga kidogo, unaacha magurudumu yaende yenyewe, unanyonga tena. Korongo wa kijivu alikuwa amesimama kwenye maji ya kina kifupi, shingo imekunjwa. Nilipunguza mwendo. Alikuwa ndiye yule yule wa kwenye beji.

Na uzio. Nauita uzio kwa kukosa neno lililo bora. Huku mashamba yanagawanywa kwa safu za miti mifupi ya miiba iliyoshonana, nzito kiasi kwamba ndege mdogo anaingia na wewe huoni alikopita. Maua yake meupe ya Mei yalikuwa yameshapukutika, ila mawaridi ya porini yalikuwa yamepanda juu yake, ya waridi iliyofifia, matano matano. Nilisimama kunywa maji karibu na Bleasby nikachungulia ndani. Chini kabisa palikuwa na shina nene kama mkono wangu, limelala. Mtu alilikata miaka mingi iliyopita, akalikata karibu lote, akabakiza gome na ukanda mwembamba wa mti, kisha akaliinamisha ubavu. Halikufa. Kutoka kwenye ule ubavu machipukizi yalikuwa yamesimama wima, moja moja, kama vidole.

Nikainama nikapiga picha. Nikamtumia fundi wa Himo pale pale: je, nguzo zikishasimama, tunaweza kuotesha kitu kama hiki kufuata waya?

Nilifurahi. Nilihisi nimepata uzio mzuri, uzio usio na chuki.

## Southwell

Southwell ni mji mdogo wenye kanisa kubwa kuliko mji. Nilifunga baiskeli nikaingia, soli za viatu zikigonga sakafu ya mawe. Kuna chumba cha mikutano cha karne ya 13 ambacho wachongaji wake walijaza majani kila mahali, kwenye vichwa vya nguzo na juu ya milango: mwaloni, mzabibu, na mti ule ule wa miiba niliokuwa nikiuchungulia saa moja kabla. Mawe hayo unaweza kuyatambua kwa jina la mti, jani kwa jani, ingawa wachongaji wamekufa miaka zaidi ya mia saba. Nilikaa humo mpaka shingo ikauma.

Nje, kwenye mtaa wa Church Street, ndipo ulipo mti mama wa tufaha la Bramley, lile kubwa lenye uchachu ambalo Waingereza hulipika kwenye pai. Mwaka 1809 binti aliyeitwa Mary Ann Brailsford alipanda mbegu, ukaota mti. Baadaye nyumba ikanunuliwa na mchinjaji, Matthew Bramley. Mwaka 1856 kijana wa bustani, Henry Merryweather, akaomba kuchukua vipandikizi akaotesha miche ya kuuza. Bramley akakubali kwa sharti moja: tufaha liitwe kwa jina lake.

Mbegu ya binti. Jina la mwenye kiwanja.

Sikuweza kuipita habari ile kama mtalii. Nilisimama njiani nimeshika mpini wa baiskeli, maneno ya baba mdogo yakarudi yote, na siku yangu isiyo na simu ikawa imekwisha.

Pembezoni mwa mji lipo jengo refu la matofali, lilijengwa 1824 kuwaweka maskini waliokosa pa kwenda. Ukiingia na familia yako mnatenganishwa, mume huku, mke kule, watoto kwingine, kila kundi na ua wake wenye ukuta mrefu. Utaratibu wa jengo hili ndio ulioigwa kwenye sheria ya maskini ya 1834, Uingereza nzima ikapata majengo ya namna hiyo. Nilipanda ngazi zake zilizolika katikati. Nikamwuliza mama anayetembeza wageni: hawa watu walitoka wapi? Vijijini humu humu, akasema. Vibarua wa mashambani.

Nikajiuliza, mtu wa shamba anakosaje shamba? Nikaliacha hapo, nikapanda baiskeli.

## Eakring

Kutoka Southwell kuna njia iliyokuwa reli. Mataruma na vyuma viliondolewa, miti ikafunika juu, na sasa ni ya waendao kwa miguu, farasi na baiskeli. Reli haipendi milima, kwa hiyo nawe hupati milima. Kilomita tano hivi za kivuli hadi Kirklington, kisha unarudi kwenye lami na miinuko inaanza.

Eakring ni kijiji ambacho 1939 yaligunduliwa mafuta, na wakati wa vita wakaja wachimbaji kutoka Marekani kusaidia kuyatoa. Lakini mimi ni muuguzi, na mtu wa Eakring niliyemtafuta ni mchungaji William Mompesson. Ndiye aliyekuwa Eyam, Derbyshire, wakati wa tauni ya 1665 na 1666, akawashawishi waumini wake wasivuke mpaka wa kijiji ili wasiueneze ugonjwa. Mke wake alikufa humo. Alipohamishiwa Eakring mwaka 1670, inasimuliwa kwamba wanakijiji walimwogopa wakamzuia kuingia, ikabidi ahubirie nje chini ya mti. Pale paliposimama mti ule kuna msalaba wa jiwe.

Nilikula mkate wangu kwa kuutazama msalaba huo. Mtu aliyewaomba watu wake wakae ndani ya mpaka, akafika kwingine akawekewa mpaka yeye. Tulioingia wodini na barakoa mwaka 2020, tukarudi nyumbani majirani wakivuka barabara wakituona, tunaelewa upweke wa mtu huyo bila kufafanuliwa.

## Walichokuwa nacho wote

Sasa Laxton.

Yule mzee alinielekeza chumba kidogo cha maonyesho kando ya baa ya kijiji, Dovecote. Nilikaa humo na kutoka nje kwenda mashambani na kurudi humo tena, mara tatu, mpaka jua likahama.

Kijiji hiki bado kinalima kama zamani za kale, kwenye mashamba makubwa matatu yasiyo na uzio: West Field, South Field na Mill Field. Kila mkulima ana vipande vyake vilivyotawanyika katika yote matatu, ili mwenye udongo mzuri hapa awe na udongo mbaya kule. Mwaka huu shamba moja lina ngano, la pili mazao ya majira ya kuchipua, la tatu linapumzika. Mwakani zamu inasogea. Hakuna mkulima anayeweza kuamua peke yake, kwa sababu shamba likipumzika linapumzika lote.

Nyasi nilizokanyaga ni mabonde madogo ambayo jembe haliingii. Hayana mwenyewe mmoja. Majani yake hunadiwa kila mwaka.

Na kila mwisho wa Novemba jopo la wakulima hutoka kulikagua shamba la ngano iliyopandwa. Wanatembea. Wanatazama kama kuna aliyelima akaingia kwenye nyasi au kwenye njia. Wanapiga vigingi pale mpaka ulipofifia. Baada ya hapo baraza linakaa Dovecote, aliyezidisha anatozwa faini, na jopo la mwaka unaofuata linaapishwa. Faini ni ndogo. Aibu ya kutajwa mbele ya majirani sidhani kama ni ndogo.

Ukutani kuna nakala ya ramani ya 1635. Imechorwa kipande kwa kipande, na ndani yake wamo watu wanaolima na wanaovuna, wadogo kama sisimizi. Nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

Hapo ndipo niliposoma yaliyoyapata mashamba mengine.

Karibu vijiji vyote vya sehemu hizi vililima hivyo zamani. Kisha likaja zungusho la ardhi. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia uzio mashamba na malisho ya pamoja, zikagusa eka milioni 6.8 hivi, zaidi kidogo ya moja ya tano ya England. Wapimaji walikuja na minyororo yao. Vipande vikaunganishwa, kila mwenye hati akapewa eneo lake, akaamriwa alizungushie. Aliyekuwa na hati alipata. Aliyekuwa na desturi tu, ng'ombe mmoja kwenye malisho ya wote, kuni za pembeni, masazo ya mavuno, mara nyingi alibaki mikono mitupu au na kijisehemu kisichoweza kulipia hata uzio wake.

Na waliotakiwa kuzungushia walipanda nini? Miti ya miiba, safu kwa safu, imenyooka kama rula.

Nilitoka nje nikakaa chini kwenye nyasi.

Kutwa nzima nilikuwa nikiusifia ule uzio. Nilikuwa nimeupiga picha nikautuma nyumbani.

Laxton yenyewe iliponaje? Inaelezwa kwamba wenye ardhi wakubwa wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, hawakuafikiana namna ya kugawana, miaka ikapita. Sisi tumezoea kusema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Hapa fahali walivutana, nyasi zikapona.

## Nisichoweza kukifumbia macho

Kutoka Laxton nilishuka kupitia Caunton hadi Newark, kwenda kupanda treni. Jua la jioni lilikuwa ubavuni, na kila safu ya miiba ilitupa kivuli chake barabarani. Bado ilikuwa mizuri. Hilo lilinisumbua zaidi. Mawaridi yale yale, ndege wale wale, na sikuweza tena kupita bila kuuliza kila kona nani alibaki nje siku ulipopandwa.

Lakini ndani ya treni, baiskeli imefungwa mkanda ukutani, nilianza kubishana na Laxton.

Wakulima wale ni wapangaji. Ardhi ilikuwa ya Earl Manvers, serikali ikainunua 1952, na mwaka 2020 ikarudi kwa mali ya Thoresby, yaani ya ukoo ule ule. Ni rahisi kuheshimu mpaka wa jirani wakati ardhi si yenu nyote wawili. Kwetu kihamba ndicho mtu. Humo tunazikwa.

Tena lile jopo. Nani angekaa kwenye jopo la kwetu? Mama alishanijibu siku nilipomwambia apeleke shauri kwa wazee: "Wazee gani, mwanangu? Si ndio hao hao wanaokunywa naye mbege?" Mjane asiye na mtoto wa kiume hapo nyumbani akiuacha mpaka wake kwa nia njema ya majirani, anaweza kuamka siku moja amebaki na kibaraza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Najua kifungu chake. Najua pia umbali kutoka kifungu hadi mgombani.

Kwa hiyo siandiki hapa kwamba uzio ni dhambi. Uzio uliwafukuza wanyonge wa Nottinghamshire, na mnyonge wa kwetu unaweza kumlinda. Nimeyashika yote mawili wiki saba na hayajakubali kuwa moja.

Kilichonizuia kutuma pesa ni kitu kidogo kuliko hayo.

Usiku ule nilichukua karatasi nikachora kihamba chetu, kama ile ramani ya 1635. Nyumba, zizi, migomba, kahawa, kaburi la baba. Nikachora masale, ya zamani na mapya. Kisha nikachora mstari wa seng'enge kuanzia juu hadi chini, kama fundi alivyopanga. Na kalamu ikakwama.

Mfereji wa maji uko upande wa baba mdogo. Mama huupitia kila asubuhi kati ya migomba yake, na hajawahi kuomba ruhusa wala kukatazwa. Hata sasa, na ugomvi huu wote, anapita. Kaburi la babu liko huko huko chini, na ni mama anayeling'olea majani.

Niliutazama ule mstari. Nilikuwa karibu kulipa shilingi milioni moja na laki nane kumfungia mama yangu nje ya maji.

Fundi hakuniuliza. Mimi sikumwambia. Kwenye michoro ya simu zetu kulikuwa na urefu wa waya tu, mita thelathini na nne.

Nikampigia nikamwomba asubiri. Akaniuliza kama nimepata fundi wa bei nafuu zaidi.

## Simu

Ilinichukua mwezi mwingine. Mwisho wa Julai, Jumapili mchana baada ya ibada za nyumbani, nilimpigia baba mdogo.

"Shikamoo baba mdogo."

Kimya kirefu. Nikasikia kuku, na mtu akivuta kiti.

"Marahaba. Kumbe u mzima."

Akaniuliza baridi. Nikamwambia ni kiangazi. Akaniuliza kazi. Kisha hatukuwa na cha kuzungumza, na badala ya maneno niliyokuwa nimeyapanga siku nyingi nikajikuta nikimsimulia safari: Raleigh, mto, korongo, na kijiji ambacho wakulima wanatoka mwisho wa Novemba kutembea mipaka yao pamoja, kwa miguu, kila mwaka, hata kama hakuna anayelalamika.

Alisikiliza mpaka mwisho. Sikutarajia.

"Wanapima kwa hatua au kwa kamba?" akauliza.

"Wanapiga vigingi, baba mdogo. Wanafuata palipokuwa."

"Palipokuwa lini?"

Nikanyamaza.

"Masale unayoyajua wewe," akasema, bila kupandisha sauti, "si ya babu yako. Ya babu yako yalizolewa na mvua mwaka wa tisini na nne, udongo wote wa pale uliporomoka. Mimi nilikuwa Arusha natafuta maisha. Niliporudi nikakuta baba yako ameshapanda mengine. Kwa hatua zake. Nilimwambia. Akasema tutaongea. Hatukuongea."

Mwaka wa tisini na nne nilikuwa na miaka minne. Masale niliyoyaruka utotoni, masale niliyoyalilia mwezi wa tatu, ndiyo hayo.

Inawezekana anasema kweli. Inawezekana ameitunga wakati simu yangu ilipokuwa ikiita bila kupokelewa. Baba hayupo wa kuulizwa, na mtu mwingine aliyekuwepo nyumbani mwaka ule ni mama.

"Ungenipokelea simu ningekuambia," akasema.

Nikamwomba radhi kwa hilo. Nikamwambia na yeye ana neno moja la kuniondolea, la binti. Hakulijibu siku ile. Alisema tu Desemba, watu wote wakirudi, tutembee. Niwepo na mimi. Nije na kamba ndefu, za huko hazivutiki kama za hapa.

Nimeshakata tiketi, tarehe 18. Kamba nimeinunua, mita hamsini, iko kwenye mfuko wa baiskeli.

Mama bado sijamwuliza.